Kesi ya Albert Ayler na albamu isiyosamehewa

Kila mazungumzo ya Albert Ayler hufika mahali yakakata kona. Hadi mwaka 1967 anasifiwa bila kigugumizi: mpiga saksafoni wa Cleveland, Ohio, aliyepuliza kana kwamba ananena kwa lugha, aliyeipokea jazi huria, ile isiyofungwa na mdundo wala mpangilio, ikiwa bado changa akaifikisha mahali ambapo hata mpiga saksafoni John Coltrane, aliyemzidi umri na jina, alimfuata. Kisha inatajwa New Grass, na papo hapo sauti za watu hubadilika. Albamu hiyo ilirekodiwa tarehe 5 na 6 Septemba 1968, ikatoka mwaka uliofuata, na tangu hapo imekuwa kama doa kwenye kanzu nyeupe. Ayler anaimba. Nyuma yake wapo waitikiaji, lipo gitaa la besi la umeme, zipo dramu za kuchezesha watu. Hukumu iliyotolewa wakati ule inarudiwa hadi leo, hata na watu ambao hawakuwa wamezaliwa: kwamba Ayler aliuza alichopewa bure.

Naandika kwa sababu naamini hukumu hiyo ilitolewa kabla ushahidi haujakamilika. Lakini walioitoa hawakuwa wajinga, na hoja zao zina haki ya kutangulia.

Ya kwanza ni Spiritual Unity. Tarehe 10 Julai 1964 Ayler aliingia studio ndogo jijini New York na watu wawili tu, Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye dramu. Walichotoka nacho hakifiki nusu saa. Murray hakupiga mapigo ya kuhesabika. Matoazi yake yalivuma kama upepo usio na upande, na besi ya Peacock nayo haikushika mstari wa kumwongoza mtu. Kwa kuwa hapakuwa na anayehesabu, Ayler aliweza kuuvuta mlio mmoja hadi uchanike, akautetemesha kama mzee wa kanisa anayeomba huku machozi yanamtoka, kisha akarudi taratibu kwenye kibwagizo chepesi ambacho mtoto angekishika kwa kukisikia mara moja. Aliyeupenda uhuru huo akisikia New Grass anasikia mlango ukifungwa. Bernard Purdie, fundi wa dramu za studio na mmoja wa waliojenga mdundo wa muziki wa dansi wa Wamarekani weusi wa miaka ile, anapiga kile alichoitiwa: mdundo ulionyooka, wa kumnyanyua mtu kitini. Saksafoni ikitaka kupaa, mdundo hauingoji.

Ya pili ni fedha. Spiritual Unity ilitolewa na ESP-Disk, lebo ya mwanasheria Bernard Stollman iliyoanzia kwenye rekodi ya lugha ya Kiesperanto, na ambayo haikuwa na uwezo wa kumtajirisha mwanamuziki yeyote. Impulse, lebo iliyotoa New Grass, ilikuwa mali ya ABC, kampuni kubwa yenye hesabu za kufungwa kila mwaka. Ayler aliingia huko mwaka 1966 kwa msukumo wa Coltrane. Coltrane akafariki tarehe 17 Julai 1967, na siku nne baadaye Ayler alikuwa ndani ya kanisa la St. Peter's, New York, akimpulizia buriani mbele ya jeneza. Aliyemkingia kifua pale kwenye kampuni alikuwa ameondoka. Mtayarishaji akabaki Bob Thiele, aliyewapa wanamuziki wa aina hii nafasi kuliko wengi wa wenzake, lakini aliyejua pia kuwa santuri lazima ziuzwe. Kuhusu nani hasa alilitoa wazo la New Grass, mashahidi hawapatani. Wapo wanaosema lilishuka kutoka juu. Wapo wanaosema lilikuwa la Ayler na Mary Maria Parks, mwenzi wake aliyeshiriki kuandika maneno ya nyimbo. Wanaomlaumu hawajali sana jibu. Kwao inatosha kwamba soko lilikuwa limekaa humo studio siku hiyo.

Ya tatu sina jibu lake, na sitajifanya ninalo. Baadhi ya nyimbo ni dhaifu. Maneno yanahubiri upendo na kizazi kipya kwa namna ambayo mahubiri mengi ya mwaka 1968 yalihubiriwa, mtu anakubali kila neno na hakuna linalobaki moyoni. Vyombo vya kupuliza vya nyuma vinajaza kila upenyo, wakati Ayler ni mpigaji anayehitaji nafasi tupu pembeni yake. Anapoimba, sauti yake haina ule ujuzi wa koo walio nao waimbaji wa kanisa aliokua akiwasikia. Ipo siku nimeiweka New Grass mara baada ya Spiritual Unity, nikaelewa kabisa kwa nini mtu aliyeinunua mwaka 1969 kwa fedha yake ya jasho alijisikia kuibiwa.

Haya yote nayakubali kama maelezo ya kilichomo kwenye santuri. Ninalolikataa ni neno usaliti. Ili mtu asaliti, lazima kwanza awe na kambi aliyoiacha, na walalamikaji wamechukulia kwamba kambi ya Ayler ni ile ya mwaka 1964: jukwaa lisilo na mdundo, wasikilizaji wachache waliokaa kimya, muziki usiokubali kuchezwa. Tuulize alifikaje huko.

Alizaliwa tarehe 13 Julai 1936. Baba yake, Edward, alipiga saksafoni na fidla, na ndiye aliyemfundisha. Baba na mwana walipiga pamoja kanisani mtoto akiwa bado mdogo. Akiwa mwanafunzi, likizo za kiangazi alizunguka na bendi ya Little Walter, bingwa wa kinanda cha mdomo wa bluzi za Chicago, akipiga kwenye kumbi ambazo mtu asipocheza basi bendi imeshindwa kazi. Mwaka 1958 akaingia jeshini, akapelekwa Orléans nchini Ufaransa, akawa kwenye bendi ya jeshi hadi alipoachiwa mwaka 1961. Kanisa, bluzi, gwaride. Huko kote alikopita mdundo ulikuwa umenyooka, na nyimbo zilikuwa za watu wengi kuimba kwa pamoja. Hicho ndicho alichokula tangu utotoni. Kuuacha mdundo ndilo jambo alilojifunza ukubwani, na alilijifunza mbali na kwao, kule Stockholm na Copenhagen mwaka 1962 na 1963, baada ya kukataliwa majukwaa ya nyumbani.

Na hata alipouacha mdundo, nyimbo hakuziacha. Hapa ndipo naona sifa zenyewe za mashabiki wake zinawapotosha. Wanamsifia ukali, ile saksafoni ya tenori iliyofungwa ulimi mgumu wa plastiki, inayolia hadi masikio yanauma. Lakini sikiliza kibwagizo cha wimbo wake Ghosts. Ni pambio. Sikiliza Spirits Rejoice ya Septemba 1965: katikati yake kinatoka kipande kilichotokana na wimbo wa taifa wa Ufaransa, kimepulizwa kwa furaha ya mtu anayekumbuka gwaride la asubuhi. Msomaji aliyekulia mtaani Dar es Salaam au Tanga, aliyesikia matarumbeta ya harusi yakipita kwa kishindo na yakitoka nje ya sauti kwa raha zao, atamwelewa Ayler wa wakati huo upesi kuliko mkosoaji aliyefundishwa kumsikiliza kwa daftari. Don Ayler, mdogo wake, alipojiunga naye kwenye tarumbeta, muziki ulizidi kuwa wa maandamano: ndugu wawili wanapuliza wimbo mmoja, tena na tena, hadi unaanza kumong'onyoka wenyewe.

Lakini ushahidi ninaourudia kila mara ni wa siku moja tu, tarehe 24 Februari 1964, miezi minne na nusu kabla ya Spiritual Unity. Siku hiyo, New York, Ayler alirekodi mafungu mawili ya muziki kwa ajili ya Debut, lebo ya Denmark. Fungu la kwanza lilikuwa muziki wake mpya, pamoja na tarumbeta ya Norman Howard, na likatoka kwa jina la Spirits. Fungu la pili lilikuwa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi na nyingine zinazofanana nazo: Deep River, Down by the Riverside, Goin' Home, When the Saints Go Marching In. Hizi hakuzivunja. Alizipuliza wimbo ulivyo, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa ule mtetemo wake mnene, karibu bila kuongeza kitu. Henry Grimes alikuwa kwenye besi na Sunny Murray kwenye dramu, watu walewale waliokuwa wakivunja kuta siku ileile. Kwenye piano alikuwa Call Cobbs.

Spirits ilitoka. Nyimbo za kiroho zilikaa kabatini hadi mwaka 1981.

Miaka 17. Naomba msomaji asiipite hesabu hii haraka, maana mimi imenikalia kooni kwa muda mrefu. Nyimbo hizo zilipotoka, Ayler alikuwa ameshalala kaburini miaka 11. New Grass ilikuwa na umri wa miaka 12, na jina lake lilikuwa limeshaharibika. Kwa hiyo kila aliyemhukumu mwaka 1969, kila mwandishi wa gazeti, kila mwanamuziki mwenzake aliyetikisa kichwa, alikuwa na nusu ya faili mkononi. Alijua Ayler wa moto. Hakuwa na namna ya kujua kwamba siku ileile, ndani ya saa chache, mtu huyohuyo alisimama mbele ya kipaza sauti akapuliza nyimbo za bibi yake bila aibu na bila kuzifanyia vituko, na kwamba kwake mafungu hayo mawili yalistahili siku moja ya kazi. Nafikiria duka la santuri la mwaka 1964 ambamo vitu hivyo viwili vingekaa kwenye rafu moja. Mtu angenunua kimoja, akarudi kuchukua cha pili, akaja kujifunza kwamba hii ni sauti moja yenye milango miwili. Baada ya hapo New Grass ingemshangaza, labda ingemchosha, lakini sidhani kama angelifikia neno usaliti. Angesema: ameurudia ule mlango mwingine, na safari hii hakuufungua vizuri.

Tena kuna Cobbs. Mzee huyu aliyekaa kwenye piano ya nyimbo za kiroho Februari 1964 ndiye yuleyule aliye kwenye vinanda vya New Grass miaka minne na nusu baadaye. Ayler alikuwa ameshapiga na watu wengi katikati, wengine wenye majina makubwa. Alipotaka kuimba alimwita mtu aliyemjua kwa nyimbo. Kwenye gitaa la besi alimweka Bill Folwell, aliyekuwa naye tangu bendi ya 1966. Kama kampuni ndiyo iliyopanga kila kitu, ilipanga na watu wa nyumbani kwake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nyimbo za kiroho ni kitu kimoja, na ridhimu na bluzi ya kusukumwa redioni ni kitu kingine. Kwamba aliyepuliza Deep River alikuwa anaomba na aliyeimba New Generation alikuwa anauza. Nalichukulia jibu hilo kwa uzito kuliko mengine yote. Lakini mpaka huo kati ya kanisa na ukumbi wa dansi haukuwahi kuwa na ukuta kwa watu wa Ayler. Mshairi na mkosoaji wa muziki Amiri Baraka, aliyekuwa bado akijiita LeRoi Jones na ambaye hakuna aliyeupigia debe muziki mpya kwa nguvu kumshinda, aliandika mwaka 1966 kwamba ridhimu na bluzi na jazi hiyo mpya vinatoka kwenye chemchemi moja, na kwamba siku vitakapokutana utakuwa muziki wa watu weusi kamili. Machi 1965 Ayler alikuwa amepiga kwenye tamasha la kuichangia kazi ya Baraka ya sanaa kule Harlem. Hatusemi kwamba alikuwa anatekeleza maandishi ya mwingine. Nasema wazo la kuviunganisha lilikuwa hewani, likisifiwa katika maandishi, na mtu wa kwanza wa ngazi yake aliyejaribu kulitekeleza kwa santuri nzima alipigwa mawe.

Angalia pia jinsi albamu inavyoanza. Ayler anazungumza. Anamwambia msikilizaji kwamba muziki aliopiga zamani ulitoka mahali pengine na wakati mwingine, na kwamba anatumaini huu utapokewa. Wengi wameisikia hotuba hiyo kama kuomba radhi, au kama tangazo la biashara. Lakini Ayler alikuwa ameshafanya hivyo kabla. Santuri aliyorekodi Copenhagen Januari 1963 inaanza kwa yeye kujitambulisha kwa sauti yake: amezaliwa Cleveland, baba yake alipiga, alipita jeshini. Hakuna aliyemlaumu hapo. Ni tabia ya mtu aliyelelewa kwenye kusanyiko, ambapo kabla ya wimbo unasimama, unasema wewe ni nani na umekuja na nini. Mwenye magendo hasimami mlangoni kutangaza mzigo wake.

Na ndani ya albamu hiyohiyo upo wimbo uitwao New Ghosts, ambamo anarudi kwenye pambio lake la 1964 na kulifanya la kuimbwa. Upo pia Free at Last. Jina hilo ni la wimbo wa kiroho wa zamani, na ndilo Martin Luther King alilofungia hotuba yake Washington mwaka 1963. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, miezi mitano kabla Ayler hajaingia studio. Siwezi kuusikiliza wimbo huo nikasahau tarehe hizo. Mwaka ule miji mingi ya Marekani ilikuwa imewaka moto, na watu weusi waliokuwa wakihesabu hasara zao walisikiliza muziki wenye mdundo, siyo Spiritual Unity. Mtu aliyeamini, kama Ayler alivyoamini kwa dhati, kwamba muziki wake una ujumbe wa kuponya, angeendelea kuupeleka kwa watu mia mbili wa Greenwich Village, mtaa wa wasanii wa New York, hadi lini? Unaweza kusema alichagua njia mbaya ya kuwafikia wengine. Kumlaumu kwa kutaka kuwafikia siwezi.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo pande zote mbili huyataja haraka mno. Mwaka 1968 Don hakuwemo tena kwenye bendi. Akili yake ilikuwa imeelemewa, na Albert alibeba lawama za familia kwa kumwacha. New Grass ni santuri isiyo na tarumbeta ya Don. Wanaosema muziki umepungua wana haki ya kusema hivyo, umepungua kweli, umepungua ndugu mzima. Parks anapoingia na maneno yake anakalia nafasi iliyokuwa ya Don, na wengi wamemchukia kwa sababu hiyo tu. Sidhani kama ni haki. Alikuwa pale, alimsimamia kazi zake, aliandika, aliimba, na baada ya Ayler kufa ameandikwa kama mwanamke aliyemharibu fundi, hadithi ya kale mno katika historia ya muziki na ambayo mara nyingi haihitaji ushahidi ili iaminike.

Kisha kuna suala la muda. Kutoka New Grass hadi kifo chake ni miezi 26. Mpiga saksafoni Ornette Coleman, aliyeanza kupasua njia hii kabla yake, naye aliingia kwenye gitaa za umeme na mdundo wa kuchezwa. Santuri yake Dancing in Your Head ilitoka mwaka 1977. Naye alilaumiwa. Lakini alikuwa na miaka, akaendelea na bendi hiyo, akaieleza, akairekebisha, masikio yakamzoea, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Pulitzer. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 85. Mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi Bitches Brew Agosti 1969, karibu mwaka mzima baada ya New Grass, na kuna waliomlilia kwa maneno yaleyale. Leo hakuna anayeona haya kuisifu. Archie Shepp, mpiga tenori wa kizazi cha Ayler na wa Impulse pia, alitoa Attica Blues mwaka 1972 yenye waimbaji na gitaa za umeme, na inapendwa. Wote watatu walipata muda wa jaribio la pili na la tatu. Jaribio la kwanza la Ayler ndilo lililosimama kama hukumu, kwa kuwa aliyepaswa kulirekebisha hakuwepo tena.

Alipata jaribio moja tu zaidi katika studio. Agosti 1969 alirekodi Music Is the Healing Force of the Universe, na Henry Vestine wa kundi la roki la Canned Heat kwenye gitaa, na mahali fulani Ayler anaweka saksafoni chini na kupuliza zumari za mfuko, zile za Waskoti. Inashangaza na haijakaa sawasawa. Lakini imeachia hewa iingie kuliko New Grass, saksafoni inapata nafasi ya kulia, na Parks anasikika kama mhubiri zaidi kuliko mwimbaji. Ilikuwa inaelekea mahali.

Naweka pembeni kidogo habari ya London, kwa sababu inaonyesha jinsi dunia ilivyomtunza hata alipokuwa yule Ayler anayesifiwa na wote. Novemba 1966 BBC ilimrekodi na bendi yake yote, Don akiwemo, kwenye ukumbi wa London School of Economics kwa ajili ya televisheni. Kipindi hakikurushwa. Baadaye kanda zikafutwa. Picha za video za Ayler akipiga wakati wa kilele chake, zikiwa zimeshapigwa na mafundi waliolipwa, zikaondolewa ili kubana nafasi. Wakati huo hakuwa ameimba hata ubeti mmoja wa ridhimu na bluzi. Hivyo mtu anaponiambia kwamba angebaki kwenye njia yake ya awali angelindwa na kuheshimiwa, nakumbuka kanda hizo.

Mapema Novemba 1970 Ayler alitoweka. Mwili wake ulipatikana tarehe 25 mwezi huo ndani ya East River, New York. Alikuwa na miaka 34. Imesemwa alijitosa mwenyewe, na yamesemwa mengine ya kubuniwa ambayo sitayarudia. Ninachopinga ni ile desturi ya kukiweka kifo hicho mwisho wa hoja, kana kwamba mto ulithibitisha kwamba muziki ulikuwa umeshakufa miaka miwili kabla. Mtu anaweza kuvunjika moyo kwa sababu ya ndugu mgonjwa, kwa sababu ya mifuko mitupu, kwa sababu ya uchovu, na bado akawa anapiga vizuri.

Na alikuwa anapiga vizuri. Tunajua hilo, kwa kuwa safari hii kanda hazikufutwa. Julai 1970, tarehe 25 na 27, alipiga usiku mara mbili kwenye Fondation Maeght, jumba la sanaa lililoko Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa. Sehemu ya rekodi hizo ilitoka mapema, na mwaka 2022 zikatolewa zote. Steve Tintweiss yuko kwenye besi, Allen Blairman kwenye dramu, na Parks anaimba, anasema mashairi yake, anapuliza saksafoni ya soprano. Hakuna waitikiaji wa kukodi, hakuna vyombo vya kujazia nafasi. Nyimbo za 1965 na zile za 1969 zinakaa pamoja bila kugombana: Spirits Rejoice inapita, Music Is the Healing Force inapita, Truth Is Marching In inakuja. Kuna kipande kiitwacho Holy Family ambacho kingeweza kupigwa kwenye ukumbi wowote wa dansi wa Cleveland, mdundo umenyooka, saksafoni inanguruma kama alivyonguruma kijana wa Little Walter, na Wafaransa wanapiga makofi bila kutaka kuacha.

Tarehe 27 Call Cobbs yuko kwenye piano. Sikiliza Ayler anavyomwachia nafasi, anamngoja amalize sentensi yake, kisha anaingia chini yake polepole, na ule mtetemo wa mwaka 1964, ule wa Deep River ambao karibu hakuna mtu katika ukumbi ule aliyewahi kuusikia, unatoka mzima.